Kocha Aliyebaki Nizwa

Kwetu Oman mgeni hakai kitako vizuri kabla hajaulizwa ni wa kabila gani, baba yake nani, na wazee wake waliondoka lini kwenda Afrika. Kahawa yenyewe haijamiminwa. Kocha alilichukia swali hilo kuliko bao la kichwa, na kwa ajili yake mimi hapa sitasema alizaliwa wapi wala ukoo wake upi, ingawa najua, na ingawa wako watakaonilaumu. Yeye akiulizwa alikuwa akijibu, "Mimi beki," halafu anaipokea sahani ya tende na kumpitishia aliyeketi pembeni yake. Tende hakuwa akila. Aliishi Nizwa miaka yote ile, mji ambao watu wanaitana kwa majina ya mitende yao, naye tende zikimkaa kooni.

Tulifanya kazi chuo kimoja cha ualimu, pembezoni mwa mji, miaka ya sabini ikielekea ukingoni na ya thamanini ilipoanza. Mimi nikisomesha hesabu. Nilitoka Unguja, nikapitia Kairo kusoma, ndipo nikaja. Yeye alipitia Mombasa na Kuwait. Wenyeji wakituita sote wawili Wazanjibari, wala hatukubishana nao, maana kila mmoja wetu alikuwa na mambo mengine ya kubishania. Katika chuo kile Kocha alikuwa mtu pekee asiye na darasa. Alikuwa na kiwanja cha vumbi, neti mbili zilizotoboka na mipira ambayo asubuhi huwa imejaa upepo na jioni imelegea. Wanafunzi wa Kiarabu wakimwita mudarrib. Wetu wakimwita Kocha, na mimi nikafuata.

Kwanza niseme alivyokuwa, maana aliyemwona mara moja hakumsahau. Mtu mpana. Shingo hana, au anayo lakini imeingia mabegani ikakaa humo. Miguu ilipinda kwa nje, na magoti yalimlia alipoinuka hata mtu wa chumba cha pili akajua kwamba Kocha anaondoka. Kanzu alivaa fupi kidogo, kofia ya viua aliyodarizi mkewe, na viatu vya raba hata siku ya Idi. Alikuwa na gari ndogo ya mizigo aliyoiendesha taratibu mno, akisimama kila amwonapo mbuzi, na nyuma yake msururu wa madereva wakipiga honi. Mtu aliyevunja watu miguu Mombasa, akimwogopea mbuzi asije akaumia. Mimi nilimcheka waziwazi, naye akaniambia kwamba mbuzi hajui sheria za barabara, mimi nazijua na bado naendesha vibaya.

Kuvunja watu miguu si maneno yangu. Alikuwa akilipwa kwa kucheza mpira, tena siku ambazo wengi walicheza kwa sahani ya wali na kupigiwa makofi. Kampuni moja ya Mombasa ilimwajiri akiandikwa kuwa mlinzi wa ghala, na ghala hilo hakuwahi kulifungua mlango. Kazi yake ilikuwa katikati ya uwanja, mbele ya kipa, kumzuia mtu asipite. Kuwait vilevile. Bao hakufunga hata moja. Alikuwa akilisema hilo bila ya haya, na mara nyingine kwa kujivuna kidogo, kama mtu anayekwambia hajawahi kuingia hospitali.

Jambo lililomuuma lilikuwa jingine. Katika miaka yote hiyo timu yake haikuchukua kikombe. Mwaka waliokaribia walishindwa fainali. Mwaka waliochukua, yeye alikuwa ameshakwenda timu nyingine, akasikia redioni. Aliniambia habari hii mara moja tu, tuko barazani kwake, anakuna nazi. Nazi zikitoka Maskati kwa dereva mmoja wa teksi, na mbuzi wa kukunia alikuja naye kutoka Afrika, akimkalia mwenyewe kwa sababu mkewe, mtu wa Ibra, aliona ni kiti cha ajabu. Akakuna akasema, bila ya kuniangalia, kwamba hataki tena kukishika kikombe. Mikono yake imeshazeeka. Anachotaka ni kuwaona vijana wake siku wanapopewa. Kusimama pembeni, kuziona sura zao wakati ule ule, basi. Halafu akaniuliza kama nitakula wali au nitaondoka na njaa yangu. Nikala.

Miye mpira siujui, na wakati ule nilikuwa siujui na siutaki. Niliingia katika mambo yake kwa sababu mkuu wa chuo alitaka mwalimu mmoja awe mudiri wa timu, wa kuagiza magari na kuhesabu jezi, na wenzangu wote wakawa na udhuru. Kocha akanipokea kwa kuniita Bwana Hesabu, jina nililobaki nalo mpaka leo kwa baadhi ya watu.

Namna yake ya kufundisha ilinishangaza hata mimi. Wiki za mwanzo mpira haukuonekana. Vijana walisimama. Akawapanga mstari, akawaambia mwende kushoto pamoja, kulia pamoja, nyuma pamoja, na anayechungulia mpira uko wapi anatolewa. Neno lake lilikuwa, "Mwenye mpira nimeshamwona. Nionyeshe asiye nao." Washambuliaji hakuwasifu kabisa. Kijana akifunga bao la kupendeza, wenzake wamemrukia, Kocha anauliza nani alikaa nyuma alipokwenda yule. Aliyekaa nyuma ndiye atakayepewa chungwa la kwanza. Vijana walikuwa wakigombania lile chungwa.

Tatizo lilikuwa lugha. Nusu ya timu walikuwa watoto wa waliorudi kutoka Afrika, Kiswahili ndicho cha nyumbani kwao. Nusu walikuwa vijana wa Nizwa, Izki na vijiji vya mabondeni, Kiswahili kwao ni kelele. Kila kundi likila peke yake, na uwanjani likipasiana lenyewe kwa lenyewe. Kiarabu cha Kocha kilikuwa cha sokoni Kuwait, na wenyeji wakikicheka. Hakukasirika. Alichagua maneno machache tu ya Kiswahili, akasema haya ndiyo ya uwanjani, kila mtu atayajua, kama vile sala ina maneno yake. Toa. Rudi. Mtu nyuma. Bado. Mwisho wa mwaka ungekuta kijana wa mlimani, asiyejua hata kusema shikamoo, akimpigia kelele mwenzake, "Mtu nyuma, mtu nyuma!" kwa lafudhi ambayo bibi yangu angeipenda. Nilimsikia mmoja akimwambia hivyo punda wake barabarani.

Lakini pia alikuwa na makosa yake, na moja lilikuwa kubwa hata mji mzima ukalijua kabla ya sala ya isha.

Kando ya kiwanja chetu ulipita mfereji wa falaji. Asiyeijua falaji ajue hivi: ni maji yaliyochimbwa na watu wa kale kutoka chini ya mlima, yakaletwa mjini kwa mfereji, na kila shamba la mitende lina zamu yake. Zamu ni mali ya mtu kama nyumba yake. Inarithiwa, inauzwa, watu wanaoana kwa ajili yake na wananuniana kwa ajili yake. Zamu yako ikipita, unangoja mpaka mzunguko wote umalizike ndipo irudi.

Sisi tuliotoka Unguja tunajua maji ya mvua na ya kisima. Maji yakipita mbele yako, ni maji yanapita. Sasa siku hiyo timu kutoka Ibra ilikuwa ije kucheza nasi, na kiwanja kilikuwa vumbi tupu. Kocha, kwa uungwana wake wa kutaka kumpokea mgeni vizuri, akauona mfereji umejaa, hapana mtu. Akainama, akalitoa bonge la matambara na udongo lililoziba tundu upande wetu, na maji yakaingia kiwanjani. Nilimkuta amevua viatu vyake, anatembea humo na kanzu ameikunja, ana furaha. Akaniambia nitazame, vumbi limekwisha kwa bure.

Maji yale yalikuwa zamu ya mzee mmoja mwenye shamba upande wa chini. Mzee alikuwa amekaa shambani na jembe lake anangoja maji ambayo hayakuja. Alipofuata mfereji akatukuta, hakupiga kelele. Aliziba tundu kwa mkono wake mwenyewe, akatutazama sote wawili, akaondoka. Mimi ningependelea anitukane.

Wasimamizi wa falaji wakaitana. Mkuu wa chuo, aliyekuwa mgeni kama sisi, akataka kulipa fedha, na hapo akaharibu zaidi. Mzee akainuka akatia miguu katika viatu vyake, kama anayetaka kuondoka. Ilisemwa kwamba maji hulipwa kwa maji, na Kocha maji hana. Nani kati yetu tuliorudi alikuwa na zamu ya maji? Babu zetu waliziuza kununua nauli. Mwisho yule mzee akasema jambo moja, na nilimfasiria Kocha sikioni: zamu itakaporudi, na itakaporudi tena, mpaka mavuno yapite, aje yeye shambani kunywesha mitende. "Aje yeye. Asilete mtu."

Mji ulicheka sana. Mudarrib wa chuo, mtu mzima, anafanya kazi ya shamba kwa adhabu. Baadhi ya wenzetu waliona ni dharau na wakamshauri asiende. Yeye akaenda. Na huko shambani ndiko alikomkuta Khalfan.

Khalfan alikuwa mwanafunzi wetu, mjukuu wa mzee. Baba yake alikuwa jeshini kusini, kwa hivyo zamu za maji zilikuwa juu yake. Kila zamu inapoangukia saa ya mazoezi alikuwa haonekani, na Kocha alikuwa amemwandika kuwa mvivu. Sasa akamwona na jembe, maji yanaingia, anafungua jaruba hili anaziba lile, anatangulia mbele ya maji ili yasimzunguke. Anajua wapi yatakwenda kabla hayajakwenda. Kocha alikuja kwangu usiku ule ule na matope mpaka magotini, mkewe hajamwona bado. Akaniambia, "Bwana Hesabu, nimempata beki." Ndivyo Khalfan alivyowekwa katikati, mbele ya kipa, mahali pake yeye mwenyewe.

Mavuno yalipita na adhabu ikaisha, lakini Kocha hakuacha kwenda. Nilipomuuliza anafuata nini, alisema anafuata kahawa. Shamba lile lilikuwa na miteremko yake ya ajabu. Mzee hakumwamini mtu kulinywesha maji isipokuwa mjukuu wake, na baadaye, baada ya kumpiga Kocha fimbo ya kisigino mara kadhaa kumwonyesha wapi pa kuziba, akamwamini na yeye. Lugha hawakuwa nayo. Kocha alikuwa na Kiarabu chake cha Kuwait, mzee alikuwa na Kiarabu cha kwao ambacho hata mimi kilinipita. Nimewahi kuwakuta wamekaa kitako kwenye mkeka mmoja, birika la kahawa katikati yao, hawasemi kitu, wanatazama maji. Na tende mbele ya Kocha zimepungua. Sikumwambia kwamba nimeona.

Mwaka uliofuata vijana wale wakawa timu. Siwezi kukueleza vipi, kwa kuwa sikuelewa. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nikiagiza magari mara nyingi zaidi kuliko zamani, kwa sababu tulikuwa tunashinda. Wakala pamoja. Wakafika fainali ya vyuo, na fainali ikawekwa Sur, Alkhamisi alasiri. Kwa barabara ya siku zile Sur ilikuwa safari ya kuondoka Jumatano alfajiri. Kocha akanyoa nywele. Mkewe akamfulia kanzu, akaipiga pasi, akaitundika mlangoni tangu Jumapili, na kila aliyeingia alitakiwa apite kwa ubavu asiiguse.

Jumatatu nilikuwa kwake tunakunywa chai. Khalfan akabisha hodi. Akapewa kitumbua, hakukila. Alikuja kusema kwamba Alkhamisi alasiri ni zamu yao. Mvua ilikuwa haijanyesha msimu wa pili huo, falaji imepungua, mitende imeanza kufunga matunda, na hapana mtu katika mji ambaye angebadilishana zamu. Zamu ikipotea, mavuno ya mwaka yamekwenda. Babu yake mgongo haumruhusu tena. Kwa hivyo yeye hatakwenda Sur. Alilisema lote kwa heshima, akitazama mkeka.

Kocha alimaliza chai yake. Halafu akamwambia kwa Kiarabu chake kibovu:

"Wewe utakwenda Sur."

"Na maji, mudarrib?"

"Maji nitayatia mimi. Babu yako ananijua."

"Na timu?"

"Timu anayo huyu," akaninyooshea kidole, na mimi mdomo umejaa kitumbua.

Khalfan alipoondoka nilimkasirikia Kocha. Nilimwambia sijui hata kutofautisha kona na faulo. Nikamwambia amwache kijana, fainali nyingine atazipata, ana umri. Lakini yeye, aliyengoja maisha yake yote, atapata lini nyingine? Nikaitaja na kanzu. Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani, na nilijua yuko upande wangu.

Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. "Mimi nikenda," akasema, "nitasimama pembeni nipige kelele. Yeye akibaki, katikati patakuwa pengo. Hesabu hiyo nayo ngumu kwako?"

Nikasema hesabu haina ugumu. Ugumu ni yeye.

"Basi uwape machungwa wakati wa mapumziko," akasema, "na usiseme nao neno. Maneno wanayo."

Mkuu wa chuo alikasirika zaidi yangu, akamwita ofisini, na walinzi wa lango wakasikia. Kocha akatoka na uso wake ule ule. Jumatano alfajiri alikuja kutuaga, akapita gari kwa gari akizivuta kamba za mizigo kuona kama zimekaza, na alipofika kwa Khalfan akamrekebisha ukosi wa shati. Halafu akasimama kando, juu ya magoti yake yale, tukaondoka.

Nitafupisha habari za Sur, kwa kuwa nilizisimulia mara nyingi mno. Uwanja ulikuwa karibu na bahari, upepo ukiupeleka mpira unakotaka. Wenyeji tuliocheza nao walikuwa wazuri, na sisi, kwa nilivyoona mimi, tulikuwa tunarudi nyuma tu. Machungwa niliyagawa, mdomo nikaufunga. Kipindi cha pili mpira ulimgonga mmoja wetu mgongoni ukaingia golini kwao, na naapa hakujua mpaka alipoangukiwa na wenzake. Baadaye wote walikuwa mbele ya goli letu, na katikati yao Khalfan, anafungua huku anaziba kule, na sauti za Kiswahili kutoka vinywa vya Waarabu: bado, bado, rudi. Filimbi ikalia. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua.

Tuliporudi Ijumaa jioni, Kocha alikuwa amelala barazani kwake, miguu ameinyoosha, visigino vimepasuka na udongo umeingia ndani. Vijana wakamwekea kikombe kifuani. Akakigeuza, akakifuta kwa ukingo wa kanzu, kanzu ya kazini, akawarudishia, akawaambia wampelekee mzee akione. Mzee, nilivyosikia, aliuliza kinapikiwa nini. Kikombe baadaye kikaingia kabati la ofisi ya mkuu, na Kocha hakwenda kukitazama.

Wao walipoondoka akanishika mkono akanikalisha. "Haya," akasema, "nisimulie."

Nilimsimulia vibaya kupita kiasi. Kila nilipofika mahali akauliza kushoto kwetu au kwao, akaniuliza nani alikuwa karibu na nani, na mimi nasema yule mrefu, yule mwenye meno. Alikuwa anafumba macho anajaribu kuona, na mimi namzuilia kwa ujinga wangu. Niliona aibu usiku ule kuliko aibu yoyote ya darasani. Na ndipo nikaanza, kwa siri, kuutazama mpira. Nikanunua redio nzuri, kisha televisheni. Nikakaa na wanangu, nikauliza maswali ya kijinga wakanicheka. Mke wangu akadhani nimerukwa na akili. Nilikuwa natafuta maneno ya kumsimulia rafiki yangu mechi moja tu.

Na kweli, miaka ilivyopita, usimulizi wangu ulikuwa ukiongezeka uzuri. Kila tulipokaa, mwishoni, angesema haya, nisimulie, na mimi namrudishia fainali ya Sur ikiwa na mengi zaidi: sasa najua kwamba yule mrefu alikuwa anavutwa nje na winga wao, na kwamba Khalfan aliliacha pengo makusudi. Angetikisa kichwa. Angesema, "Enhe, hapo ndipo." Sijawahi kuwa na mwanafunzi aliyenisikiliza namna ile.

Chuo kikaleta kocha mwenye vyeti, kijana kutoka ng'ambo, mpole, hakuwa na kosa. Wetu akapewa ahsante na saa ya mkononi, akahamia Ibra kwa watu wa mkewe. Nilimpitia kila nilipokuwa na safari ya upande ule, na mara nyingine nilizizua safari. Khalfan akawa mwalimu Izki, na barua zake nilimsomea Kocha mimi.

Mara ya mwisho ilikuwa mwisho wa miaka ya thamanini, majira ya baridi. Nilikuwa nimeambiwa kwamba amepata kiharusi, nikaenda. Nilimkuta chumba cha mbele, juu ya godoro chini, amefunikwa blanketi, ule upana wake wote umekwenda. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa upande mmoja wa mdomo. Mkewe akaleta kahawa, akamnywesha kwa kikombe kidogo, akamfuta kidevu, akatuachia chumba. Tukazungumza kidogo, yaani nikazungumza mimi. Nilijua kitakachofuata, na nilikuwa nimejitayarisha njia nzima ndani ya gari. Nikaanza, "Upepo ulikuwa unatoka baharini..."

Akainua mkono ule mzima. Hakutaka.

"Mechi naijua," akasema taratibu, neno baada ya neno. "Niambie walipopewa."

Sehemu hiyo nilikuwa sikumwambia hata mara moja. Nilikuwa namalizia kwenye filimbi, miaka yote, kwa sababu nilihisi itamwumiza. Nikatazama visigino vyake vimetoka chini ya blanketi. Nikaona sina haki ya kukaa nayo tena.

Nikamwambia kwamba kikombe alipewa Khalfan, na Khalfan alipokishika hakukiinua. Aligeuka nyuma, akatazama pembeni ya uwanja, pale anaposimama yeye siku zote, mahali ambapo siku ile nilikuwa nimesimama mimi na gunia la machungwa. Na wenzake wote wakageuka. Waligeuka kabla hawajafurahi. Ndipo wakakumbuka kwamba hayupo, na ndipo kikombe kikapanda juu.

Jicho moja lilikuwa linatoa machozi, na sikujua kama ni maradhi au ni yeye. Nikamfuta.

"Wote?" akauliza.

"Wote, Kocha. Wallahi."

"Kipa?"

Nikamwambia kipa alikuwa mbali, golini bado, amepiga magoti; lakini alisimama akageuka, mkono ameuweka juu ya macho kwa sababu ya jua.

"Yule wa kushoto, wa Izki?"

Nikamwambia. Akafumba macho. Akamtaja anayefuata, nikamwambia na yeye alisimama wapi na alitazama vipi, na anayefuata, na anayefuata. Mkewe alichungulia mara moja akarudi. Alimtaka kila mmoja, na mimi nilikuwa nimewaona, kila mmoja, nikampa.